Mbegu Zilizopelekwa Sauna

Jumapili, 20 Januari

Lahja ameondoka. Amepanda basi la asubuhi kwenda Oulu kwa binti yetu Marketta, aliyejifungua mapacha na sasa anatamani mkono wa tatu. Atakaa huko mpaka theluji iyeyuke. Mimi nimeachiwa nyumba, sauna yetu ya kuogea mvuke, sufuria ya supu ya njegere na chungu kimoja.

Chungu ndicho kilichotugombanisha kituoni. Kimefukiwa kwenye theluji nyuma ya sauna, upande usiopata jua, na ndani yake zimo mbegu za upanga wa korongo. Ndivyo tunavyoliita ua lile la zambarau lenye majani marefu yaliyochongoka. Mama mkwe aliubeba mzizi wake ndani ya kopo la maziwa walipohamishwa kutoka Karelia wakati wa vita, na umechanua uani kwetu tangu tuoane. Mwaka jana panya wa shambani waliutafuna wote. Kilichosalia ni ganda moja la mbegu. Lahja alizipanda mwenyewe mwezi wa kumi huku akivuta kamasi. Alisema ni mafua. Hayakuwa mafua.

Maagizo yake: nisikiguse. Basi. Mbegu hizo zisipopigwa na baridi haziamki, kwa hiyo zikae chini ya theluji zipigwe. Nikamwambia hakuna kazi nyepesi kama hiyo. Akasema kwangu mimi hakuna ngumu kama hiyo, na kwamba alikuwa amefikiria kumwachia Tossavainen. Tossavainen! Jirani mwenye uzio uliopigwa rangi pande zote mbili, hata upande wangu, bila kuniuliza. Nikasema chungu hakivuki uzio huo nikiwa hai. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Akasema nikishasema hivyo ndipo wasiwasi unapomwanza, akapanda basi.

Alhamisi, 31 Januari

Nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Sijakigusa. Nakwenda kukitazama tu, mara kadhaa kwa siku. Hakuna cha kutazama. Theluji, na kijiti alichochomeka Lahja kiwe alama.

Tossavainen alikuja kuazima nyundo. Mtu mwenye nyundo nne. Akanywa kahawa vikombe vitatu na kuumaliza mkate wangu wa iliki. Akauliza kama mtoto amelala. Nikamjibu mtoto amelala na baba yake yuko macho. Ndipo akasema, kwa ile sauti yake ya kuhurumia watu, kwamba mbegu hizo ni kaidi sana. Zake yeye ziliwahi kulala majira mawili ya baridi ndipo zikachomoza. Ya kwanza hazikuyajali.

Majira mawili! Lahja hakunitajia. Au alitaja nami nilikuwa nasikiliza redio. Yeye ana subira ya kungoja mwaka mwingine. Mimi sina subira ya kumwona akingoja, akienda nyuma ya sauna kila asubuhi na kurudi akiwa amenyamaza. Hilo siliwezi.

Nimewaza mchana kutwa. Mbegu haina kalenda. Itajuaje kwamba mwaka umepita? Kwa baridi, kisha joto, kisha baridi tena. Anayeweza kuipa vitu hivyo kwa zamu amekwisha kuidanganya. Na ni nani duniani mwenye vifaa vya kazi hiyo kuliko sisi? Kila Jumamosi tunatoka kwenye joto la kubabua ngozi tunajitupa kwenye theluji, na tunaamka Jumapili tukiwa vijana.

Ijumaa, 1 Februari

Nimemkuta Tossavainen dukani. Nikamwuliza kwa mbali sana, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, ikiwa joto la ghafla linaweza kuamsha mbegu. Sisi watu wa Savo hatumjibu mtu ndiyo wala hapana. Tunasema, na msikilizaji atajua mwenyewe la kufanya. Akajikuna kidevu, akasema, "Huenda."

Ninamfahamu huyu. "Huenda" ya kukataa anaisema akitazama dari. Hii aliisema akitazama viatu vyake. Kwa hiyo ni ndiyo, na ni ndiyo inayomuuma.

Jumamosi, 2 Februari

Nimekigusa.

Nilikichimbua jioni mapema. Udongo mgumu kama jiwe. Nikawasha sauna, nikakiweka chungu kwenye benchi la chini kabisa, maana mimi si katili. Mwenyewe nikapanda la juu. Nikamwaga maji kwenye mawe ya jiko, mvuke ukapanda, nikakiuliza kama kiko salama. Hakikulalamika. Nikakipigapiga kidogo kwa kicha cha matawi tunachojipigia humo, kusudi damu izunguke. Najua hakina damu. Ilikuwa mazoea tu.

Kisha nje, kwenye theluji, sote wawili. Huo ukawa mwaka wa kwanza. Ndani tena, nje tena. Mwaka wa pili. Wakati wa mwaka wa tatu nikiwa nimepiga magoti uchi wa mnyama, nimekumbatia chungu, Tossavainen akapita na vibao vyake vya kuteleza kwenye theluji. Taa kaivaa kichwani. Akasimama. Taa ikanimulika usoni, ikashuka kwenye chungu, ikashuka zaidi, ikapanda haraka.

Nikamwambia napoza bia.

Akasema huenda, akateleza zake.

Jumapili, 3 Februari

Udongo umeyeyuka juu na umetoa harufu ya supu. Sikupenda harufu hiyo. Kukirudisha kwenye theluji naogopa kitapasuka. Nimekiweka jikoni, kwenye dirisha. Kwa hesabu yangu mbegu zimeishi miaka mitatu tangu jana, kwa hiyo zinahitaji mwanga.

Lahja alipiga simu. Pacha mmoja ana mchango, mwingine anamlilia mwenzake. Akauliza kama sijakigusa. Nikajibu kwamba theluji ya mwaka huu ni nyingi ajabu. Hilo ni kweli tupu. Akaniambia nile mboga.

Jumapili, 3 Machi

Hakuna kitu. Mwezi mzima na hakuna hata uzi wa kijani. Namwagilia, nazungumza nacho, nakigeuza kulifuata jua. Udongo mweusi unanitazama.

Leo nimefanya ambalo sikupaswa kulifanya. Nilichukua uma nikachokoa kidogo pembeni. Nikapata mbegu moja. Nikaibonyeza. Ikabonyea. Laini kabisa, na ndani maji ya kahawia.

Nimezipika. Nimezipika mbegu za mama mkwe. Mwanamke yule aliacha sahani zake, saa ya ukutani na ng'ombe wawili, akabeba mzizi ule mapajani kwenye behewa la mizigo, ukavuka vita mzima. Haukunivuka mimi. Niliketi kwenye kiti cha Lahja nikaona haya mpaka masikioni. Hakuna la kuchekesha humu. Namjua Lahja: hatanigombeza. Atasema "basi," na ataanza kufuta meza iliyokwisha kufutwa.

Jumanne, 12 Machi

Nimepata njia!

Nilikwenda dukani kununua chumvi. Kwenye kaunta wamepanga pakiti za mbegu za nyasi za Pasaka, zile ambazo watoto wote wa nchi hii huzipanda kwenye visahani ili ziote meza ipendeze. Kwenye pakiti kuna picha ya kifaranga, na majani yenyewe ni ya kijani, marefu, membamba, yamesimama wima. Nikajiuliza mche mdogo wa upanga wa korongo unafananaje. Ni jani la kijani, refu, jembamba, limesimama wima. Lahja mwenyewe aliwahi kusema ukipalilia bila miwani unaweza kuung'oa ukidhani ni nyasi.

Sisemi ni udanganyifu. Ni kumpunguzia mtu huzuni kwa muda, mpaka nipate mbegu nyingine mahali fulani. Muuzaji akaniuliza kama wajukuu wanakuja. Nikasema huenda.

Nimemwaga pakiti nzima.

Alhamisi, 21 Machi

Zimeota! Zimeota zote, zimesongamana, chungu kinaonekana kama kichwa cha askari. Labda pakiti nzima ilizidi. Ganda moja la mbegu haliwezi kutoa msitu. Nimezipunguza kwa mkasi, nikazikata sawasawa kwa juu, zikawa nadhifu.

Sikuwa nimeweka mkasi chini Tossavainen akabisha mlango kurudisha nyundo. Alikiona kabla sijasogeza pazia. Akaganda. Akavua kofia. Huyu bwana hakuvua kofia hata siku mkuu wa wilaya alipokuja kufungua daraja. Akauliza, "Ndizo hizo?" Nikamwambia macho ni yake, ayatumie. Akasema hajapata kuona zinaota hivi katika maisha yake yote, tena mwaka wa kwanza. Akauliza nimefanyaje. Nikasema ni mkono tu, jirani, wengine wamejaliwa.

Alitaka kusogea karibu. Nikamwambia anazipulizia mafua. Akarudi nyuma kwa heshima. Sijawahi kufurahi hivi tangu ashindwe uchaguzi wa chama cha wavuvi.

Jumamosi, 23 Machi

Tossavainen amempigia Lahja simu.

Nani kamtuma? Kumbe Lahja alimwachia namba ya Marketta, eti kwa dharura. Na huyu mtu akaona furaha pia ni dharura. Lahja alinipigia papo hapo. Nilidhani simu ina hitilafu maana nilisikia pumzi tu. Alikuwa analia. Kisha akasema, "Baba Marketta, nilikudharau. Nisamehe." Miaka yote ya ndoa yetu sijapata kuombwa msamaha na Lahja, na leo nimeombwa kwa ajili ya pakiti ya nyasi.

Nilitaka kumwambia. Naapa mdomo niliufungua. Akasema amemwonyesha Marketta picha ya bibi yake akiwa amesimama kando ya maua yale, na kwamba anakuja Pasaka, kwa siku tatu, kuyaona kwa macho yake. Nikaufunga mdomo.

Jumatano, 3 Aprili

Mpango wa mwisho, na ni wa kiume. Miche itakufa kifo cha kawaida. Nje usiku bado kuna baridi kali. Niliweka chungu ngazini jana jioni, asubuhi ikutwe imenyauka, nami nimpokee Lahja kwa uso wa msiba. Ataumia, lakini ataumia kwa kuwa ilikuwepo ikafa, si kwa sababu ya mumewe.

Sikupata usingizi mzuri. Alfajiri nilitoka. Chungu hakipo!

Nilikikuta kwa Tossavainen, mezani, kimevikwa kofia yake ya sufu. Alikiona ngazini wakati anamtoa mbwa, akadhani nimekisahau, akakimbia nacho ndani akiwa na soksi tu. Dole gumba la mguu limemvimba. Nikalazimika kumshukuru. Nikalazimika kunywa kahawa yake. Majani yote hai, yananing'inia kidogo tu upande mmoja. Nyasi hizi hazifi. Nimezikata tena zikae sawa.

Ijumaa, 5 Aprili

Ijumaa Kuu. Kijiji kimya. Nimejizoeza mbele ya kioo kusema kweli. Kila nikianza, uso unakuwa wa mtu anayedanganya. Nimeona haifai.

Jumamosi, 6 Aprili

Amefika kwa basi la mchana. Hakuvua koti. Hakutazama hata kalakukko niliyoinunua kwa ajili yake, ingali ya moto, samaki wananukia ndani ya mkate. Akaenda moja kwa moja dirishani na Tossavainen akiwa nyuma yake, maana alijialika.

Akavaa miwani. Akainama. Ukapita muda mrefu. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya skafu, akavaa tena. Kisha akasema polepole, "Baba Marketta, hizi ni nyasi za Pasaka."

Tossavainen akatazama dari.

Nikasema yote. Theluji, sauna, miaka mitatu, uma, ile mbegu iliyobonyea, pakiti yenye kifaranga. Nilisema haraka nikiwa nimeishika meza. Lahja hakugomba. Akasema, "Basi." Akachukua kitambaa, akaanza kufuta meza. Nilijua itakuwa hivyo, na kujua hakukunisaidia chochote. Bora angenipiga na kalakukko.

Alifuta mpaka akafika kwenye chungu. Akakiinua afute chini yake. Akakishikilia. Akakisogeza kwenye mwanga, akapitisha vidole ndani ya zile nyasi kama mtu anayemtafuta mtoto chawa. Akamwambia Tossavainen amletee beseni la maji ya uvuguvugu. Si mimi. Tossavainen.

Akalizamisha bonge zima, akalilowesha mpaka udongo ukalainika, akaanza kuchomoa jani moja moja. Nyasi huku, nyasi huku. Nilikaa karibu na jiko. Ndipo akasimamisha mkono. Kati ya vidole alikuwa na jani bapa, gumu kidogo, la kijani kinachoelekea bluu, na chini yake mbegu ingali imeng'ang'ania. Ncha imekatwa sawasawa, kwa mkasi.

Alipata mawili. Yote mawili nilikuwa nimeyanyoa.

Lahja akacheka. Kisha akalia, kisha akacheka tena akiwa bado analia. Akasema mama yake alipita na ua hili chini ya ndege za vita, panya wakaja, halafu akaja Heimo, yaani mimi. Akasema anaanza kuamini haliwezi kuuawa. Nikalia na mimi. Tossavainen akaenda kutazama kama beseni linavuja.

Jumatatu, 8 Aprili

Lahja amerudi Oulu kwa mapacha. Miche miwili iko kwenye chungu kipya. Chungu kiko ng'ambo ya uzio.

Nilibisha, lakini bila nguvu. Akasema hanichukii, na kwamba supu niliyompikia jana ilikuwa nzuri, ila mimi na miche hiyo tusikae chini ya paa moja mpaka yeye arudi moja kwa moja mwezi wa sita. Kituoni akanifunga vizuri skafu shingoni. Akanieleza kama anavyomweleza mjukuu: tangu mwezi wa kumi mpaka Februari mbegu zilikuwa zimekwisha kupata baridi ya kuzitosha, joto la jikoni ndilo lililoziamsha, na ile iliyobonyea ilikuwa mbovu tangu mwanzo, zipo za hivyo katika kila ganda. Sauna, akasema, haikufanya lolote isipokuwa kukosakosa kuziua.

Nikamwambia nimeelewa.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimeyafikiria maneno ya Lahja kwa wiki nzima, bila upendeleo. Tossavainen, bingwa wa maua, mbegu zake zililala majira mawili. Zangu zimechomoza mwaka wa kwanza. Kuna tofauti gani kati yetu? Zake hazikwenda sauna. Mtu asiye na kinyongo ataliona hilo. Lahja ni mwanamke mwenye akili nyingi, lakini hakuwepo siku ile. Mimi nilikuwepo.

Kuna jambo jingine. Miche haitachanua mpaka baada ya majira matatu ya baridi. Lahja aliitaja miaka hiyo kituoni kama kitu kidogo tu, lakini nilimwona akihesabu umri wake kwa vidole ndani ya glavu. Nataka aione ile zambarau tena mwaka huu, atakaposhuka basi mwezi wa sita. Nikilifanikisha hilo hakuna atakayezungumzia nyasi.

Mwezi wa pili nilikosea jambo moja tu: nilitumia mvuke mwingi. Miche ni laini. Safari hii nitaivika kofia ya sufu kama wavikwavyo watoto.

Tossavainen amekwenda mjini kwa daktari kuonyesha lile dole. Ameegemeza ufagio mlangoni, kama tufanyavyo wote kuonyesha kwamba mwenye nyumba hayupo, na mlango haukufungwa. Chungu nakiona kutoka hapa, dirishani kwake. Sauna yangu imeshika moto vizuri, na basi lake halirudi kabla ya saa kumi na mbili.